Mchezaji wa kulipwa wa kikapu akistaafu, apite njia gani hadi awe kocha mkuu?

mchezeshaji_34

Habari zenu wakuu,

Naomba wanaoufahamu ukocha wa mpira wa kikapu tulichambue hili. Chukueni mchezaji wa kulipwa wa miaka 34, mchezesha timu, goti limeanza kukataa, mkataba umebaki msimu mmoja. Akitundika viatu anataka awe kocha, na lengo lake ni kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa.

Mifano iliyopo inanikanganya. Jason Kidd alistaafu Juni 2013 na siku chache baadaye akakabidhiwa Brooklyn Nets. Steve Kerr aliacha kucheza 2003, akakaa miaka 11 bila kufundisha timu yoyote, halafu msimu wake wa kwanza tu na Golden State Warriors akachukua ubingwa wa 2015. Magic Johnson, ambaye kwa kuuona uwanja sijui nani alimzidi, aliiongoza Lakers mechi 16 mwaka 1994, akashinda 5 na kupoteza 11, akaacha. Erik Spoelstra naye hakucheza NBA hata dakika moja, alianzia chumba cha video cha Miami mwaka 1995, leo ana ubingwa wa 2012 na 2013.

Sasa huyu mchezaji aanzie wapi? Usaidizi, timu ya vijana, au video? Aanze kabla au baada ya kustaafu? Leseni ina uzito gani? Na kikubwa zaidi: ni kitu gani hasa ambacho mchezaji mzuri hakijui siku yake ya kwanza ya ukocha?

ubao_na_chaki

Mkuu, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloangusha wengi.

Mchezaji wa kulipwa kwa miaka 12 au 15 amekuwa akijua kazi ya mtu mmoja. Mchezesha timu anajua za wenzake pia, ndiyo maana makocha wengi wametoka nafasi hiyo. Ila anazijua kwa mwili. Kuzisema ni kazi nyingine. Muulize mlinzi wa upande usio na mpira asimame wapi pale mwenye mpira anapoizunguka skrini (mwenzake aliyesimama kumzuilia mlinzi njia), atakujibu "hapo unahisi tu." Kijana wa miaka 21 hahisi. Anataka aambiwe mguu upi utangulie, hatua ngapi, na macho yawe kwa nani.

Kuna jaribio moja la karatasi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya leo. Chora skrini inayowekwa juu, katikati ya uwanja, kwa mwenye mpira. Andika kazi za walinzi wote watano, kila mmoja kwa sentensi mbili. Tuseme umechagua ulinzi ambao mrefu, yule anayemlinda aliyeweka skrini, anabaki nyuma:

Mlinzi wa mwenye mpira anapita juu ya skrini, bega likiwa limegusana na nyonga ya anayemlinda, kisha anamkimbiza kutoka nyuma ili mtupo wa kusimama ghafla usiwe rahisi. Mrefu anasimama chini ya mstari wa mtupo huru, mikono chini na wazi, anarudi nyuma kwa kasi ya mwenye mpira, na harukii mpira hadi uwe umetoka mkononi. Mlinzi wa chini upande usio na mpira anaingia eneo la sekunde tatu, lile la chini ya kikapu, kabla yule aliyeweka skrini hajashika mpira. Akisubiri auone mpira hewani ameshachelewa. Aliye juu upande huohuo sasa analinda watu wawili, anasimama katikati yao, na mpira ukitupwa anamfuata mpokeaji wa kwanza. Wa tano, aliye kona ya upande wa mpira, haachi mtu wake hata kidogo, kwa sababu pasi ya kwenda kona hiyo ndiyo fupi kuliko zote.

Wachezaji wazuri wakijaribiwa, walinzi wawili wa kwanza wanaandikwa vizuri sana. Wa tatu anaandikwa "asaidie". Wa nne na wa tano wanabaki watupu. Hapo ndipo utaona pengo lilipo, na pengo hilo ndilo linalokupa mitupo ya pointi tatu ya kona bila mlinzi usiku mzima, huku kocha mpya akimfokea yule mrefu ambaye hana kosa.

Ukimaliza ulinzi huo, rudia kwa ule wa mrefu kupanda juu ya skrini, ule wa kubadilishana watu, na ule wa kumsukuma mwenye mpira pembeni. Ulinzi wa aina nne kwa watu watano ni kazi 20. Kocha msaidizi anayeweza kuziandika zote 20 bila kusita ana kitu cha kuipa timu hata kama jina lake halijulikani.

Kosa la pili ni maelezo marefu mazoezini. Mchezaji aliyezoea kusikiliza anadhani kazi ya kocha ni kuongea. Ukisimamisha mazoezi, sekunde 20 hadi 30 zinatosha: taja kosa moja, onyesha kwa miguu yako, mpira uendelee. Ukizidi dakika moja misuli inapoa, na wale saba waliosimama pembeni wameshaacha kukusikia.

saa24

Nakubaliana na ubao_na_chaki, mimi naongeza upande wa mechi yenyewe, hasa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, maana wengi hudhani kwa kuwa wamecheza miaka 15 wanazijua. Mchezaji anazijua kanuni za mpira. Kanuni za benchi hazijui.

Anza na taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoomba kocha. Nusu ya kwanza zipo 2, nusu ya pili 3, na kila muda wa nyongeza 1. Zisizotumika haziendi mbele. Tena katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne huruhusiwi kutumia zaidi ya 2, kwa hiyo anayefika 2:00 akiwa na zote 3 ameipoteza moja bure. Kocha mpya huipoteza hiyo mara nyingi kwa kuona anaweka akiba. Dawa yake: saa ikisoma dakika 3 na bado unazo 3, msaidizi wa kwanza anakukumbusha kwa sauti.

Halafu kuna kilicho ndani ya taimauti. Ni dakika moja. Sekunde 15 za mwanzo wachezaji wanakunywa maji, wewe unaongea na wasaidizi wako pembeni na mnakubaliana jambo moja. Sekunde 30 unachora na kusema. Zinazobaki ni za kumwuliza mchezaji mmoja arudie kazi yake. Mwulize yule anayepiga skrini, si yule atakayetupa, kwa kuwa anayetupa huwa amesikia kila kitu.

Kitu kingine: katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne, timu iliyopaswa kuingiza mpira kutoka nusu yake ikiomba taimauti, kocha anaweza kuchagua uingizwe kutoka mstari wa nusu ya mbele. Ila ukisogea mbele na saa ya kushambulia (inayohesabu muda ambao timu lazima iwe imetupa) ilikuwa na sekunde 14 au zaidi, unapewa 14 tu, si 24. Ukiwa nyuma kwa pointi 2 na zimebaki sekunde 40, swali ni je, unataka kushambulia haraka ukapata umiliki mwingine, yaani zamu nyingine ya kushambulia, au unataka muda wa kutafuta mtupo mzuri? Uamuzi huu lazima uwe umeandikwa kwenye kadi kabla ya mechi. Ukianza kuuwaza hapohapo, zile sekunde 15 zako zimekwisha.

Kuhusu Kidd, Novemba 2013 Nets wakicheza na Lakers, taimauti zilimwishia mwishoni mwa mechi. Akagongana na mchezaji wake, kinywaji kikamwagika uwanjani, mchezo ukasimama wakati pakikaushwa, na msaidizi akapata nafasi ya kuchora. NBA ilimtoza faini ya dola 50,000. Mchezesha timu mwenye akili ile alibanwa na hesabu ya taimauti ndani ya mwezi wake wa kwanza wa mechi za ligi.

Mengine nayataja kwa haraka. Orodha ya wachezaji inafika mezani angalau dakika 40 kabla ya mechi, watano wa kuanza wanathibitishwa kwa sahihi dakika 10 kabla. Kosa la kiufundi la kocha mwenyewe likifika mara 2 anatolewa nje. Kuanzia faulo ya 5 ya timu kwenye robo, wapinzani wanapata mitupo huru 2, kwa hiyo mtu awepo benchi anayekutangazia faulo ya 4 inapoingia, ubadili aina ya ulinzi.

mchezeshaji_34

Asanteni sana, hili la karatasi limenigusa. Lakini hapo mmeeleza asichokijua. Kerr naye alikuwa hajawahi kuketi benchi kama kocha. Kwa nini yeye hakuanguka?

klipu_kumi

Ndugu, Kerr hakuja mikono mitupu. Aliketi benchi za Phil Jackson pale Chicago na Gregg Popovich pale San Antonio, akachukua ubingwa 5 kama mchezaji. Baada ya hapo akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns kuanzia 2007 hadi 2010, na alikuwa mchambuzi wa televisheni, kazi inayokulazimisha kuzitazama timu zote na kusema kwa sekunde 10 kilichotokea. Ukiliangalia lile tatizo la kujua bila kuweza kusema, utaona yeye alikuwa amelifanyia mazoezi miaka kadhaa.

La pili ni wasaidizi. Alimchukua Ron Adams kwa ulinzi na Alvin Gentry kwa mashambulizi, watu waliokuwa kwenye kazi hiyo kwa miongo. Larry Bird alifanya vivyo hivyo Indiana mwaka 1997: Dick Harter akashika ulinzi, Rick Carlisle mashambulizi, yeye akashika watu na dakika zao. Alishinda mechi 58 msimu wa kwanza, akawa kocha bora wa mwaka 1998, na mwaka 2000 akafika fainali. Carlisle mwenyewe baadaye akachukua ubingwa na Dallas 2011.

Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kumpima mchezaji anayepewa timu moja kwa moja: tazama aliowaajiri. Akijaza benchi marafiki wa chumba cha kubadilishia nguo, mpe hadi katikati ya msimu. Kidd alianza na Lawrence Frank, msaidizi mzoefu, lakini ndani ya wiki chache za msimu walitengana. Nets walikuwa na ushindi 10 na vipigo 21 ulipoanza mwaka 2014. Wakabadili mtindo, Brook Lopez akiwa majeruhi wakacheza na kikosi kifupi zaidi, wakamaliza 44 kwa 38. Alijifunza, ila alijifunza kwenye hesabu ya ligi, na si kila klabu inakuvumilia.

Na wazo zuri linaweza kutoka kiti cha mwisho. Fainali ya 2015 Warriors walikuwa nyuma 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland. Nick U'Ren, kijana wa kazi za video na msaidizi binafsi wa Kerr, ndiye aliyependekeza Andre Iguodala aanze badala ya mrefu Andrew Bogut. Kerr akakubali, wakashinda mechi 3 mfululizo, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Mchezaji nyota wa zamani anayeona kijana wa video hana la kumwambia angeikosa hiyo.

Sasa njia. Kwa mchezaji wako wa miaka 34 ningechagua ya Šarūnas Jasikevičius. Alimaliza kucheza Žalgiris 2014, akabaki palepale kama msaidizi, Januari 2016 akawa kocha mkuu, 2018 akaifikisha kwenye nne bora ya EuroLeague, ligi ya juu ya klabu za Ulaya, akapita Barcelona, na 2025 akalichukua taji hilo na Fenerbahçe. Tyronn Lue alianza Boston 2009 kwenye ngazi ya maendeleo ya wachezaji chini ya Doc Rivers, akawa msaidizi, akapita Clippers, Cleveland wakampa timu Januari 2016 na Juni akawa bingwa. Phil Jackson alifundisha Albany kwenye ligi ndogo ya CBA na kuchukua ubingwa wake 1984 kabla ya kuingia Bulls. Ukiwatazama hawa watatu, kila mmoja alipata mahali pa kukosea bila kamera zote kumtazama.

Yupo pia Željko Obradović. Aliacha kucheza Partizan 1991, akaifundisha timu ileile, na 1992 akawa bingwa wa Ulaya. Kabla hujamwiga kumbuka alikuwa na Aleksandar Nikolić, mwalimu wa makocha wa Yugoslavia, akimshauri msimu wote.

Kazi ya chumba cha video ni hii hasa. Mechi moja ya mpinzani unaitazama mara mbili: mara ya kwanza mashambulizi yake, mara ya pili ulinzi. Kila umiliki unauwekea alama: ulianzaje, skrini ya nani, uliishaje. Kutoka mechi tatu au nne unapata klipu mia kadhaa. Wachezaji hawaoneshwi zaidi ya 12 hadi 15, dakika 10 basi. Kuchagua hizo 15 ndiko kunakomtengeneza kocha, kwa sababu unalazimika kuamua nini hakina maana.

Na hesabu ajifunze. Mfano: timu imetupa mitupo 60 ya uwanjani, imefunga 26, kati yake 8 ni za pointi tatu. Mitupo huru 15 kwa 20. Ribaundi za kushambulia (mipira iliyonaswa tena baada ya mtupo wao kukosa) 10, mipira iliyopotea 14. Idadi ya umiliki ni 60, jumlisha 0.44 mara mitupo huru 20, toa 10, jumlisha 14: karibu 73. Pointi ni 75. Kwa hiyo kila umiliki 100 unaleta kama pointi 103. Ufanisi wa mitupo ni 26 jumlisha nusu ya 8, gawa kwa 60: asilimia 50. Kocha anayesema "leo hatukutupa vizuri" bila kuangalia zile 14 zilizopotea anaweza kutibu ugonjwa ambao timu haina.

ribaundi_kwanza

Wakuu mmewasahau wanawake, na mmoja wao ndiye jibu kamili la swali la "kabla au baada".

Becky Hammon aliumia kano ya goti 2013 akiwa bado mchezaji wa San Antonio. Muda wa kupona akautumia kuhudhuria mazoezi na vikao vya Spurs, timu ya NBA ya mji huohuo. Agosti 2014 wakamwajiri kuwa msaidizi. Alikaa benchi lile hadi 2022, akapewa Las Vegas Aces, na akachukua ubingwa wa WNBA, ligi ya wanawake, 2022, 2023 na 2025. Kwa hiyo goti la mchezaji wako linaweza kuwa darasa. Aombe ruhusa ya kuketi kwenye vikao vya makocha siku ambazo hafanyi mazoezi.

Dawn Staley alifanya yote mawili kwa pamoja. Alianza kufundisha Temple mwaka 2000 huku akicheza WNBA hadi 2006. Iliwezekana kwa sababu WNBA ni ya kiangazi na ya vyuo ni ya baridi. Ametwaa ubingwa wa vyuo na South Carolina 2017, 2022 na 2024.

Kucheza na kufundisha timu ileile ni jambo lingine. Bill Russell aliweza, mabingwa 1968 na 1969 akiwa kocha na mchezaji wa Celtics. Wa mwisho NBA alikuwa Dave Cowens msimu wa 1978–79; tangu 1984 kanuni za ukomo wa mishahara zimelifunga hilo, kwa sababu mshahara wa ukocha ungekuwa mlango wa kumlipa mchezaji zaidi. Kwa mchezaji wa kawaida silishauri hata pale linaporuhusiwa: ukiwa uwanjani unapumua kwa shida, huoni nani upande wako wa nyuma amechoka, na mabadiliko yanachelewa.

Leseni: NBA haidai. Ulaya ligi nyingi zinadai ngazi ya juu ya shirikisho la nchi, na ngazi hizo hazirukwi kwa wiki moja. Baadhi ya mashirikisho hufupisha za chini kwa waliochezea timu ya taifa, kwa hiyo aulize mapema, aanze ngazi ya kwanza msimu huu akiwa bado anacheza. Chama cha makocha chini ya FIBA, WABC, kina miongozo ya kufundishia kwa ngazi ya 1, 2 na 3. Ya kwanza aisome hata kama anaona ni ya watoto, kwani humo ndimo utajifunza kufundisha mguu wa egemeo (ule usiotoka chini mchezaji anapogeuka na mpira) kwa asiyeujua.

Na Royal Ivey msimsahau. Alicheza NBA misimu 10 kama mlinzi wa benchi, akawa msaidizi, na timu ya taifa ya Sudan Kusini aliyoifundisha ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mchezaji wa benchi ameitazama mechi kutoka mahali kocha anapoketi miaka yote hiyo.

ubao_na_chaki

Ivey ni mfano mzuri sana. Basi mchezeshaji_34, kwa msimu mmoja uliobaki, hii ndiyo ratiba ninayoiona inawezekana bila kuharibu uchezaji wake:

Siku mbili baada ya kila mechi atazame mechi hiyo bila sauti, robo moja tu, akimfuata mchezaji mmoja ambaye si yeye na si wa nafasi yake. Robo ya kwanza wiki hii amfuate mrefu, wiki ijayo mtu wa kona. Aandike kila mara mchezaji huyo alipochelewa na sababu. Kabla ya kila mechi aandike mwenyewe ripoti ya mpinzani ya ukurasa mmoja: michezo yao mitatu wanayoipenda, nani asiachiwe mkono wa kulia, nani aachiwe atupe. Halafu ailinganishe na ya makocha. Mwanzoni zitatofautiana sana. Asikimbilie kuwaonesha wenzake. Amwoneshe msaidizi mmoja anayemwamini na amwombe amkosoe kwa kalamu nyekundu.

Mara moja kwa wiki afundishe timu ya vijana ya klabu, dakika 75, mpango ukiwa umeandikwa kwa dakika: 10 za kupasha mwili na mpira, 15 za miguu na kumalizia chini ya kikapu, 20 za wawili kwa wawili kwenye skrini, 20 za watano kwa watano zenye sharti moja, 10 za mitupo huru wakiwa wamechoka. Awe na mtu wa kumshikia saa. Ile sehemu ya 20 ikifika 35, na mara ya kwanza itafika, karatasi ya siku hiyo aitunze na aandike pembeni ni sentensi gani zilizomla dakika 15.